Johann Sebastian Bach: Mtumishi wa Kila Jumapili

Katika mji wa Leipzig, upande wa mashariki wa Ujerumani, iko njia ya miguu yenye urefu wa kilometa 5 na kitu, iliyotiwa alama za chuma cha pua kati ya mawe ya barabara. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 2012, nayo huunganisha nyumba, makanisa na kumbi ambamo mabingwa wa muziki waliishi na kufanya kazi zao. Makundi ya wanafunzi huifuata, mwalimu wao akitangulia. Huonyeshwa nyumba ya Robert na Clara Schumann. Huonyeshwa vyumba alimofariki Felix Mendelssohn mwaka 1847. Huambiwa kwamba Richard Wagner alizaliwa katika mji huo mwaka 1813. Kisha huingia katika Kanisa la Mtakatifu Thomas, na hapo sauti zao hushuka zenyewe bila kuamriwa. Mbele ya altare limelazwa sakafuni bamba la shaba, mara nyingi lina maua, na juu yake limeandikwa jina la mtu mmoja: Johann Sebastian Bach.

Kijana asimamaye mahali hapo hudhani kwa urahisi kwamba mji uliomzika mtu huyu kwa heshima namna hii ulimheshimu tangu siku alipotia mguu wake ndani yake. Sivyo ilivyokuwa. Twaona yafaa tuwasimulie wasomaji wetu maisha yake, kwa maana habari hii yazihusu jamaa zote zenye mtoto katika kwaya, na parokia zote zenye mwalimu wa kumfundisha.

Bach alizaliwa katika mji wa Eisenach tarehe 21 Machi 1685, akiwa kitinda mimba wa mpiga muziki wa mji ule. Katika ukoo wao kazi ya muziki ilirithiwa kama vile katika koo nyingine ulivyorithiwa uhunzi au useremala. Mama yake alifariki mwaka 1694. Baba yake akamfuata mapema mwaka 1695, na mtoto hajatimiza bado miaka 10. Kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa kanisa la Ohrdruf, akamchukua na kumlea. Habari iliyoandikwa baada ya kifo chake yasimulia kwamba kaka huyo alikuwa na kitabu cha nyimbo za kinanda alichokifungia kabatini. Mtoto akapenyeza mkono wake mdogo kati ya fito za mlango, akakitoa usiku hata usiku, akakinakili kwa mbalamwezi, kwa kuwa hakuwa na mshumaa. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita. Kaka alipoigundua nakala akamnyang'anya.

Akiwa na miaka 15 alikwenda shule ya Lüneburg, mbali kaskazini, ambako wavulana maskini wenye sauti nzuri walipewa chakula na elimu kwa malipo ya kuimba kanisani. Mwaka 1703, akiwa na miaka 18, alipata kazi ya kupiga kinanda katika mji wa Arnstadt. Miaka miwili baadaye akaomba ruhusa ya majuma manne, akaenda kwa miguu hadi Lübeck, mwendo wa kilometa 400 hivi, ili amsikie mzee Dietrich Buxtehude, bingwa wa kinanda wa siku zile. Badala ya majuma manne akakaa miezi minne hivi. Aliporudi, wakuu wa kanisa walimwita na kumkaripia. Ndivyo alivyokuwa tangu ujana wake: mtiifu sana kwa kazi, mgumu sana kwa wakubwa.

Mwaka 1707 alimwoa Maria Barbara, wa ukoo wake mwenyewe, na mwaka uliofuata akaingia katika utumishi wa mtawala wa Weimar. Alipotaka kuondoka huko mwaka 1717, mtawala alikasirika, akamtia kifungoni karibu majuma manne kabla ya kumwacha aende. Akahamia Köthen kwa mwanamfalme Leopold, kijana aliyependa muziki na kumpenda mpiga muziki wake. Miaka hiyo ilikuwa ya raha, hata ikaja siku ya mwaka 1720 aliporudi kutoka safari ndefu pamoja na bwana wake, akaambiwa mlangoni kwamba mkewe ameugua, amekufa, na amekwisha kuzikwa. Alikuwa na watoto wanne wa kulea. Desemba 1721 alioa tena. Mkewe wa pili alikuwa Anna Magdalena, mwimbaji mwenye sauti nzuri, umri wake miaka 20.

Hapo ndipo Leipzig inapoingia katika maisha yake. Mwalimu mkuu wa waimbaji wa Shule ya Mtakatifu Thomas alikuwa amefariki mwaka 1722, na Baraza la Mji lilikuwa likitafuta wa kushika mahali pake. Kwanza lilimchagua Georg Philipp Telemann, mtu mwenye sifa kubwa wakati ule. Huyo akaongezewa mshahara Hamburg, akabaki huko. Kisha likamtaka Christoph Graupner. Bwana wake wa Darmstadt akakataa kumwachia. Ndipo likamwendea Bach. Katika Jumba la Kale la Baraza, ambamo wanafunzi wa leo hupelekwa kuiona picha yake iliyochorwa mwaka 1746, alitia sahihi mapatano yake tarehe 5 Mei 1723. Tarehe 22 mwezi uleule yakaingia mjini magari manne ya mizigo, na baada yake mabehewa mawili yamebeba jamaa yake.

Tumweleze msomaji kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye kiini cha habari. Bach alipewa makazi ndani ya jengo la shule, karibu na wavulana 50 na zaidi waliolala humo. Alipaswa kuwafundisha kuimba, kuwafundisha Kilatini, kushika zamu ya kuwaangalia, na kuwagawa katika makundi ya kuimba katika makanisa manne ya mji. Tena kila Jumapili, na kila sikukuu kubwa, katika Kanisa la Mtakatifu Thomas au la Mtakatifu Nikolaus kwa zamu, ilitakiwa itolewe kantata, yaani utungo wa sauti na vyombo wa nusu saa hivi, uliofuatana na Injili ya siku ile. Majira ya Majilio na Kwaresima peke yake, kwa sehemu kubwa, ndiyo yaliyompumzisha.

Hakuna aliyemlazimisha kutunga kantata hizo yeye mwenyewe. Angeweza kutumia za wengine. Lakini tangu tarehe 30 Mei 1723, alipoanza kazi katika Kanisa la Mtakatifu Nikolaus, alijitwika mzigo wa kutunga karibu kila juma utungo mpya. Fikirini juma lake. Siku za kwanza aliandika. Wino ulipokauka, wanafunzi, wanawe na mkewe waliketi mezani kunakili sehemu za kila sauti na kila chombo, kwa kalamu za manyoya. Mwishoni mwa juma palikuwa na zoezi, na asubuhi ya Jumapili saa 1 ibada ilianza. Waliokuwamo kanisani walisikia mara moja, wakaenda nyumbani kula chakula cha mchana. Jumatatu akaanza tena. Hivyo mwaka wa kwanza, na wa pili, na sehemu ya wa tatu. Ijumaa Kuu ya mwaka 1724 alitoa Mateso ya Bwana kadiri ya Yohane. Ijumaa Kuu ya mwaka 1727, kadiri ya Mathayo. Katika karatasi zake nyingi twakuta mwishoni herufi tatu zenye maana kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Kantata za kanisa zilizobaki hata leo ni karibu 200, na nyingi zimepotea.

Katika nyumba hiyo hiyo msiba haukukauka. Bach alijaliwa watoto 20 kwa wake zake wawili. Waliopita utoto ni 10 tu. Zilikuwako Jumapili ambazo mtu huyu alisimama mbele ya waimbaji wake akiwa ametoka kumzika mtoto siku chache kabla.

Je, mji ulimwonaje? Lazima tuseme kweli kwa pande zote mbili. Baraza lilikuwa limetafuta mwalimu wa shule, likapata mtunzi. Masomo ya Kilatini alimpa mwalimu mwingine na kumlipa kwa fedha zake. Mara nyingine alisafiri bila kuaga. Akiulizwa, alijibu kwa ukali au hakujibu. Mwezi Agosti 1730 wajumbe walimlaumu katika kikao kwamba hafanyi kazi yake na hasikii maonyo, wakakusudia kumpunguzia mapato. Mwezi huohuo naye aliwapelekea maandishi ya kueleza hali ya waimbaji. Aliwahesabu wavulana mmoja mmoja: kati ya 54, wafaao walikuwa 17, ambao bado hawajafaa 20, na wasiofaa kabisa 17. Wapigaji vyombo walikuwa wachache, wengine wazee. Aliomba watu na fedha. Hakupewa alichoomba.

Miezi miwili baadaye alimwandikia rafiki wa utotoni aliyekuwa Danzig, akimwomba amtafutie kazi kwingine. Alilalamika kwamba maisha ya Leipzig ni ghali na wakuu hawaujali muziki. Akaongeza jambo ambalo msomaji atalicheka na kulihurumia kwa pamoja: sehemu ya mapato yake ilitokana na ada za mazishi, na mwaka 1729 hewa ya mji ilikuwa njema mno, watu hawakufa kwa wingi, naye akapungukiwa na thaler zaidi ya 100. Kazi nyingine haikupatikana, akabaki.

Mwaka 1736 ukazuka ugomvi mwingine. Mkuu mpya wa shule, Johann August Ernesti, kijana msomi, aliona kwamba muziki wawaibia wavulana muda wa elimu. Wakagombania haki ya kumchagua kiongozi wa waimbaji. Huyu akimweka mmoja, yule akimwondoa, hata katikati ya ibada, na wavulana wasijue wamtii nani. Hatumsifu Bach kwa ugomvi huo, wala mwenzake. Wakubwa wakigombana, wanaoumia ni watoto.

Tangu mwaka 1729 alipata faraja mahali pengine. Chama cha wanafunzi wa chuo kikuu kilimchukua awe kiongozi wake, wakapiga muziki kila juma katika nyumba ya kahawa ya bwana Zimmermann. Wanafunzi wa leo huonyeshwa tu mahali ilipokuwa katika barabara ya Katharinenstrasse, kwa sababu nyumba yenyewe iliteketea kwa mabomu Desemba 1943.

Liko pia jambo liwagusalo Wakatoliki kwa karibu. Bach alikuwa Mlutheri tangu kuzaliwa hata kufa, lakini mtawala wa nchi ya Saxony, Friedrich August II, alikuwa Mkatoliki. Mwaka 1733 Bach alimpelekea huko Dresden Kyrie na Gloria kwa Kilatini, akiomba cheo katika muziki wa ikulu, cheo kitakachomkinga na Baraza la Leipzig. Cheo alikipata mwaka 1736. Sehemu hizo mbili zilitumika bado katika ibada za Kilutheri pia. Lakini miaka ya mwisho ya maisha yake, macho yakiwa yameanza kufifia, alizichukua tena karatasi zile, akaongeza Credo, Sanctus na Agnus Dei, hata ikawa Misa nzima ya Kilatini. Hakuna aliyemwagiza, wala haijulikani kwamba aliwahi kuisikia yote ikiimbwa. Huenda alitaka tu kuikamilisha kazi kabla ya kuondoka. Katika Misa hiyo Wakatoliki na Walutheri hujikuta wakisali kwa maneno yaleyale, karne mbili na zaidi baada ya kutengana.

Mwezi Juni 1749, Bach yu hai bado, Baraza lilimwita mtu mwingine, Gottlob Harrer, likamjaribu hadharani ili awe tayari kushika mahali pake. Katika miezi ya Machi na Aprili 1750 daktari wa Kiingereza, John Taylor, alimpasua macho mara mbili. Bach akapofuka kabisa, na nguvu zake zikaisha. Alifariki tarehe 28 Julai 1750, mwenye umri wa miaka 65. Alizikwa katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Yohane, nje ya kuta za mji. Juu ya kaburi lake halikuwekwa jiwe.

Na mjane? Anna Magdalena, ambaye mkono wake ulinakili kurasa zisizohesabika, alilipwa mshahara wa nusu mwaka, akatoka katika nyumba ya shule. Alikuwa amelikabidhi Baraza nakala za kantata nyingi za mumewe. Karatasi hizo zimehifadhiwa Leipzig hata leo, hazina isiyonunulika. Yeye aliishi kwa sadaka, akafa maskini tarehe 27 Februari 1760. Kaburi lake halijulikani.

Wanafunzi wa shule ile hawakumsahau mwalimu wao kabisa. Waliendelea kuimba nyimbo zake za sauti tupu, na mwaka 1789 Mozart, alipopita Leipzig, alizisikia na kustaajabu. Lakini tungo zake kubwa zilikaa kabatini. Aliyezitoa ni Felix Mendelssohn, aliyekuwa amepewa nakala ya Mateso kadiri ya Mathayo na bibi yake mzaa mama. Tarehe 11 Machi 1829, akiwa na miaka 20, aliyaongoza mjini Berlin. Baadaye akaja kufanya kazi Leipzig. Mwaka 1840 akapiga kinanda katika Kanisa la Mtakatifu Thomas ili kuchanga fedha za sanamu ya Bach, na sanamu hiyo ikazinduliwa mwaka 1843. Mjukuu mmoja wa Bach, mzee wa miaka zaidi ya 80, alikuwako na kuiona.

Mendelssohn naye alisimamishiwa sanamu mjini humo. Mwaka 1936, usiku, wenye madaraka wa wakati wa Hitler waliibomoa kwa sababu alikuwa wa uzao wa Kiyahudi. Nyingine mfano wa ile ilisimamishwa mwaka 2008, karibu na kanisa lilelile. Wanafunzi huipita wakiwa njiani kuelekea lango.

Mifupa ya Bach nayo ilitafutwa. Mwaka 1894 wataalamu walichimba mahali palipotajwa na mapokeo ya wazee, wakapata sanduku la mti wa mwaloni na mifupa ya mzee, wakaamini ndiyo yake, nayo ikawekwa ndani ya Kanisa la Mtakatifu Yohane. Kanisa hilo likaharibiwa na mabomu mwaka 1943. Hivyo ndivyo alivyohamishiwa katika Kanisa la Mtakatifu Thomas, na tangu mwaka 1950, alipotimiza miaka 200 tangu kufa, amelala mahali tulipoanza habari hii. Uwanjani, nje ya kanisa, iko sanamu yake ya mwaka 1908. Waelekezaji hupenda kuwaonyesha vijana mfuko mmoja wa koti lake uliopinduliwa nje, mtupu.

Wahenga walisema kwamba asiyekujua hakuthamini. Lakini watu wa Leipzig walimjua Bach. Walimsikia miaka 27. Walikutana naye sokoni. Aliwafundisha watoto wao, akawaimbia ndoa zao na maziko yao. Hawakuwa watu wabaya. Waliizoea tu sauti yake, na sikio lililozoea haliulizi tena kazi ile imetoka wapi, imekula usiku ngapi, wala mwenye kuifanya amekula nini. Sanamu zote mbili, bamba la shaba na maua haviwezi kumfikia yeye, wala kumpa Anna Magdalena mkate wa siku moja.

Basi, wasomaji wapenzi, kila parokia ina mtu wake wa kila Jumapili. Ndiye afikaye wa kwanza siku ya zoezi na kufunga mlango wa mwisho, anakiliye nyimbo kwa mkono wake, awavumiliaye vijana 17 wafaao na 17 wasiofaa. Pengine ni mkali. Pengine hasikilizani na wakubwa wa parokia. Hatusemi kwamba yeye ni Bach. Bach mwenyewe, kwa macho ya Baraza lake, hakuwa Bach. Twauliza tu kama amelipwa haki yake mwezi huu, kama kuna aliyemshukuru baada ya Misa, na kama mjane wa yule aliyemtangulia ana chakula nyumbani. Mambo hayo hutendwa watu wakiwa hai.

Vijana wageni wakibahatika kuwapo Leipzig siku ya Ijumaa wakati wa masomo, hukaa kanisani jioni. Kwaya ya Mtakatifu Thomas, iliyoanza mwaka 1212, hupanda ghorofani kwenye kinanda, wavulana wa rika lao wenyewe. Waimbaji wako nyuma na juu, kaburi liko mbele na chini, na sauti hupita juu ya vichwa vya watu kulielekea.